Wasifu wa Marehemu Wenye Vyanzo Kumi na Vinne

Mama Drusilla mpendwa,

Nakuandikia kwa penseli, maana kalamu ya wino nimeiweka kabatini mpaka nijue kama nastahili kuishika tena, na naomba unisomee mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako wa ushauri gazetini tangu enzi za ile picha yako yenye nywele ndefu, na nakiri kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nasema hivi hawa watu hawana hata jirani wa kumweleza mambo yao? Sasa zamu yangu imefika. Jirani ninaye, tena wa miaka arobaini, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio wa mbao tu, ila ni wiki ya tano hii haongei na mimi, na kosa ni langu, au ni la chuo, sijui, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu, nimepika kwenye jiko la shule ya msingi miaka thelathini na mmoja mpaka nikastaafu, na kwa miaka ishirini na sita mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu kanisani kwetu Nebo Jipya. Hapa kwetu mtu akifariki familia inapigia simu nyumba ya mazishi, halafu mchungaji, halafu mimi. Nisikufiche, kazi hiyo naiweza. Kwa kalamu yangu hajawahi kufa mlevi, wamekufa watu waliopenda kukaa na marafiki. Hajawahi kufa mgomvi, amekufa mtu aliyesimamia alichokiamini. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na familia mbili, moja hapa na nyingine Birmingham, nikaandika kwamba alipendwa popote alipokwenda, na familia zote mbili zikaja kunishukuru baada ya ibada, moja kupitia mlango wa mbele na nyingine kupitia wa nyuma. Miaka yote hiyo hakuna familia iliyoomba kusoma nilichoandika kabla hakijachapwa. Waliniamini.

Basi mwaka huu nikaona tangazo kwamba chuo cha wilaya kinawapokea waliopita miaka sitini bure, nikasema moyoni, mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, na ambaye mara pekee niliyowahi kukanyaga chuo hicho nilikuwa nimebeba sinia za kuku wa kukaanga za mahafali ya wengine, kwa nini nisiende nikajifunze kuandika vizuri zaidi? Nikajiandikisha kozi ya insha. Mwalimu wetu anaitwa Kessler, kijana mwembamba mwenye tai, anasahihisha kwa kalamu ya kijani kwa sababu anasema nyekundu inatutisha. Insha yangu ya kwanza ilimhusu mama yangu. Niliandika kwamba alikuwa mwanamke mwema kuliko wote katika wilaya nzima. Pembeni akaandika kwa kijani: "Umemlinganisha na nani?" Chini yake: "Unajuaje?" Chini kabisa: "Nani alisema?"

Mama Drusilla, mama yangu yuko kaburini, na mtoto wa watu ananiuliza nani alisema! Nilifika nyumbani, nikamsomea jirani yangu Ozella pale kwenye uzio, maana kila asubuhi tunakunywa kahawa hapo, kikombe chake juu ya nguzo ya upande wake na changu upande wangu. Ozella akacheka mpaka akaishikilia kamba ya nguo.

"Mlete hapa huyo mwalimu wako," akasema. "Mimi ni shahidi. Mama yako alinichapa kwa mwiko na bado nampenda."

Ndivyo alivyo Ozella. Mume wangu alipofariki aliingia kwa mlango wa jikoni, akaosha vyombo vyote bila kusema neno, akaondoka, akarudi kesho yake akaosha tena.

Wiki ya pili ya kozi nilikosa, kwa sababu mama yake mchungaji alifariki na mimi ndiye mwenye makaroni ya jibini kwenye kila karamu ya mazishi. Niliporudi nikamwomba daftari Keyonna, msichana wa miaka kumi na tisa anayekaa nami dawati moja, na kwenye daftari lake la wiki ile nzima kulikuwa na mstari mmoja tu: "Msomaji ni nani?" Nilidhani ni swali la kujaza. Nikalinakili, nikajaza: "Mwalimu Kessler." Nikaendelea na wiki ya tatu.

Kuanzia hapo nikanogewa, sitakudanganya. Tukafundishwa hoja kuu, ile unayoitangaza mwanzoni kabisa na kuitetea mpaka mwisho. Tukafundishwa ushahidi. Tukafundishwa hoja pinzani, kwamba mwandishi mwaminifu hafichi upande wa pili bali anauleta mwenyewe mezani. Halafu tukafundishwa vyanzo, kwamba kila jambo ulilolisikia kwa mtu, unamtaja huyo mtu kwenye mabano pale pale. Nilijiona kama niliyekuwa napika gizani miaka ishirini na sita, sasa mtu amewasha taa. Ikafika mahali mchungaji wetu, Mchungaji Tolliver, akisema mimbarani "utafiti unaonyesha," najikuta nanong'ona, "Upi?"

Ndipo akafariki Shemasi Lucious, mume wa Ozella.

Lazima nikueleze Shemasi Lucious alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa shemasi miaka thelathini na nane na katika miaka hiyo yote hakuna binadamu mwingine aliyegusa kitufe cha kiyoyozi cha kanisa. Mwezi wa Agosti akina mama tulikuwa tunajipepea mpaka mikono inauma, na yeye amekaa chini ya kile kitufe kama askari. Mwalimu wa kwaya aliwahi kuegesha gari juu ya maua ya kanisa, Shemasi akamkimbiza na koleo mpaka barabarani, kwa suti ya Jumapili. Tulimheshimu, tulimwogopa, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Ozella alikuja kwenye uzio asubuhi ile macho yamevimba. Akaniambia, "Vernell, niandikie Lucious wangu. Uandike vizuri."

Nikamwambia, "Safari hii nitaandika kama msomi."

Akasema, "We andika tu kama wewe."

Sikumsikia, Mama Drusilla. Yaani nilimsikia, lakini nilikuwa tayari nafikiria hoja kuu.

Nilichukua daftari nikazunguka siku tatu. Nilihoji watu jikoni kwa kanisa, maegesho ya magari, saluni, hata kwenye foleni ya duka la dawa. Nilipata vyanzo kumi na vinne. Nikaandika kurasa mbili, nikapeleka nyumba ya mazishi, wakachapa vijitabu mia mbili vyenye picha ya Shemasi kwenye jalada, amevaa suti nyeupe, na Jumamosi ile kanisa likajaa mpaka ngazini.

Sasa, kanisani kwetu kilichochapwa kinasomwa, na kinasomwa chote. Msomaji ni Dada Hattie Rue, ana sauti ya mtangazaji wa habari na miwani ya mnyororo, na hajawahi kuruka hata nukta. Akasimama, akasafisha koo, akasoma: "Wasifu huu utathibitisha kwamba Shemasi Lucious Gaines alikuwa mtu mwema, kwa sehemu kubwa."

Watu wakaitikia "Amina!" kwa mazoea. Kisha nikasikia wengine nyuma wakiulizana, "Kasema kwa sehemu kubwa?"

Niliweka "kwa sehemu kubwa" kwa sababu Mwalimu Kessler hapendi mtu atie chumvi.

Dada Hattie Rue akaendelea. "Alikuwa mkarimu, mabano, Dada Maudine, jikoni kwa kanisa, funga mabano, hasa kwa vitu vya watu wengine, mabano, Dada Maudine, hapo hapo, funga mabano. Aliipenda kwaya, mabano, Mchungaji Tolliver, funga mabano, isipokuwa inapoimba, mabano, Shemasi Purvis, maegesho ya magari, funga mabano."

Dada Maudine akasimama na kofia yake yote. "Mimi sikusema hivyo!"

"Ulisema!" Shemasi Purvis akajibu kutoka kiti cha mashemasi. "Nilikuwepo, nilikuja kuchukua mkate wa mahindi!"

"Na wewe unaongea? Si umesema kwaya haiimbi?"

"Nilisema kwa siri!"

Kwaya nzima ikamgeukia Shemasi Purvis. Mpiga kinanda akaacha kupiga. Dada Hattie Rue akashusha miwani, akasema, "Naomba utulivu, bado kuna ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili, Mama Drusilla, ulikuwa wa hoja pinzani. Ulianza hivi: "Wapo watakaodai kwamba Shemasi Lucious alikuwa mkali. Dai hili lina ushahidi mwingi." Likaja koleo, pamoja na mwaka na siku. Kikaja kiyoyozi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu nikimtazama Ozella kwa nyuma, kwenye kiti cha mbele, na nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia, nikajua nimemuua rafiki yangu mbele ya jeneza la mumewe. Nikaomba sakafu inimeze.

Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja isiyokuwa na mabano. Ilisema kwamba tangu mgongo wa mke wake uharibike na asiweze tena kuinama, kila Jumamosi asubuhi Shemasi alivaa miwani, akaketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, akaiweka miguu ya mkewe mapajani mwake na kumpaka rangi ya kucha, kidole kimoja kimoja. Sikuweka chanzo kwa sababu hakuna aliyenisimulia, niliona mwenyewe juu ya uzio, miaka saba niliona. Ilipofika hiyo sentensi kanisa lilinyamaza kabisa. Mabega ya Ozella yakaacha kutikisika. Akakikunja kijitabu mara mbili, akakitia kwenye mkoba, akafunga mkoba, na mlio wa ile kufuli nadhani hata kwaya waliusikia.

Kwenye karamu ya baada ya mazishi makaroni yangu yalisogezwa mwisho wa meza, karibu na sahani za karatasi, hayakuguswa hata na kijiko. Hapa kwetu hilo ni tusi lisilo na mfano wake. Mchungaji akaniambia kwa upole kwamba wasifu zijazo ataandika mpwa wa Dada Hattie Rue ili mimi "nipumzike." Dada Maudine na Shemasi Purvis wanakaa pande tofauti za kanisa. Hayo yote nayaweza, lakini Ozella simwezi. Siku ya tatu nilimpelekea keki ya siagi. Akafungua mlango wa wavu kidogo tu, akaniambia sentensi moja: "Vernell, kumbe ulikuwa unachungulia uani kwangu?"

Nikamwambia, "Ozella mpenzi, nisamehe kwa lile koleo, na kiyoyozi, na yale maneno ya Maudine, na hilo la kwa sehemu kubwa," na nikaendelea, nikayataja yote moja baada ya jingine kwa mpangilio kama tulivyofundishwa, na akafunga mlango nikiwa katikati. Keki niliiacha kwenye ngazi. Kikombe chake cha kahawa amekitoa kwenye nguzo.

Sasa kozi inaisha, na Jumatatu ijayo natakiwa kupeleka insha ya mwisho, ya kutafakari. Swali lenyewe ni hili: "Umejifunza nini katika kozi hii? Toa mfano kutoka kwenye maandishi yako mwenyewe." Nimeianza mara tatu. Ya kwanza nilisema nimejifunza mengi, lakini namjua, ataandika "Kama nini?" Ya pili nilisema nimejifunza kutaja vyanzo, na sasa sina chanzo hata kimoja kinachoniamkia. Ya tatu ilihusu alama za mkato, nikasinzia mwenyewe. Mwalimu Kessler amesoma ule wasifu, na anasema ndiyo kazi bora kuliko zote za darasa letu, niuweke kwenye insha kama mfano na nitapata alama ya juu kabisa, na mimi sijawahi kupata alama ya juu kabisa ya kitu chochote maishani mwangu, Mama Drusilla. Nikiuweka najiona msaliti. Nikiuacha sina mfano mwingine. Niache kozi? Nidanganye vizuri kama nilivyokuwa nikifanya miaka ishirini na sita? Na Ozella nimrudishe vipi, maana kahawa ya peke yangu haishuki.

Tafadhali usitaje jina langu.

Kalamu Imeniponza,
Alabama

*

Kalamu,

Umeniomba nisitaje jina lako, halafu ukaniletea majina ya watu wanane, kila mmoja na mahali aliposimama. Kwa hiyo kabla ya lolote, jua nimebadilisha majina yote, mji, kanisa na ule mkate wa mahindi. Nimebadilisha pia lile jambo la Jumamosi. Kwenye barua yako halikuwa kucha. Wewe unajua ulikuwa umeandika nini, jirani yako anajua, na wasomaji wangu wengine wataishi vizuri tu bila kujua. Wacha tuendelee kuziita kucha.

Pole. Nasema pole ya kweli, ingawa nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama nimepaliwa. Umri wa miaka sitini na mitatu, umeingia darasani na watoto wa miaka kumi na tisa, ukaulizwa "Unajuaje?" kuhusu mama yako mzazi, na kesho yake ukarudi. Wengi wetu tungeikunja ile insha tukamrudishia mwalimu kwa njia asiyoitarajia. Kozi usiiache. Ukiiacha nitakuja huko mwenyewe.

Na wala usimlaumu huyo kijana mwenye tai. Maswali yake ni mazuri. Miaka ishirini na sita umekuwa ukizika watu ambao hakuna aliyewafahamu, na ilibidi mtu akuulize nani alisema. Lakini swali kubwa kuliko yote aliliuliza wiki ya pili, ulipokuwa jikoni, na ulipolikuta kwenye daftari la Keyonna ukalijaza kama fomu ya hospitali. Msomaji ni nani? Ukaandika Mwalimu Kessler, na kweli ukamwandikia Mwalimu Kessler, na ndiyo maana anaupenda huo wasifu. Kessler hakuwa kwenye kiti cha mbele na kofia nyeusi, Kalamu. Hakumzika mtu siku ile. Alisoma kazi yako akinywa chai ofisini.

Kuhusu hao wengine, usipoteze usingizi. Dada Maudine alisema alichosema, na kama kilimchoma kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya jeneza, basi amejifunza zaidi yako na hakujiandikisha hata kozi. Shemasi Purvis na kwaya watapatana Krismasi, hakuna shemasi anayeweza kuishi bila kwaya mwezi wa Desemba. Mpwa wa Hattie Rue ataandika wasifu mbili, ya tatu watakupigia simu. Makaroni yatarudi katikati ya meza kwenye msiba ujao, kwa sababu watu wakikasirika bado wanasikia njaa.

Tuje kwa Ozella, maana hapo umenikasirisha.

Umekaa nyuma ya mtu unayemfahamu miaka arobaini, ukaona mabega yanatikisika, ukaamua analia. Unajuaje? Nakuuliza kwa kalamu ya kijani. Mwanamke huyo huyo alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo pale mwalimu alipokuuliza habari za mama yako. Ameishi na lile koleo ndani ya nyumba yake. Unadhani yupo mtu kanisani mle aliyeijua hadithi ya koleo kuliko yeye? Alikuwa anacheka, Kalamu. Alikuwa anamzika mume wake na anacheka, kwa sababu mara ya kwanza siku hiyo mtu alikuwa anamsema Lucious aliyemfahamu. Ile kazi uliyoionea aibu kuliko zote ndiyo iliyompa nafuu.

Mabega yaliacha kutikisika wapi? Umeniandikia mwenyewe, tena kwa penseli, na bado hukuona.

Halafu akafungua mlango akakwambia sentensi moja tu. Mtu aliyefiwa hana maneno ya kupoteza, alikupa moja, na ndiyo ilikuwa yote. "Kumbe ulikuwa unachungulia uani kwangu?" Wewe ukamwomba radhi kwa koleo. Ukamwomba radhi kwa kiyoyozi. Ukamwomba radhi kwa mambo yote ambayo hakuyalalamikia, kwa mpangilio, na lile moja alilolitaja ukaliruka! Ningekuwa mimi ningefunga mlango mapema zaidi.

Mji mzima ulikuwa na sehemu ya Shemasi Lucious. Maudine alikuwa na yake, Purvis yake, mwalimu wa kwaya alikuwa na yake mpaka barabarani. Ozella alibakiwa na kitu kimoja kisichojulikana na mtu, Jumamosi asubuhi, ngazi ya nyuma, na mwanamume mkali aliyevaa miwani ili asikosee kidole. Ukakichukua, ukakichapa nakala mia mbili. Hukukiwekea mabano kwa sababu uliona mwenyewe, sawa. Lakini ulihoji watu kumi na wanne, ukawafuata mpaka foleni ya duka la dawa, na mtu wa kumi na tano alikuwa upande wa pili wa uzio na kikombe mkononi. Hukumuuliza.

Na nataka ulielewe hili vizuri, kwa sababu ni gumu. Ile sentensi ndiyo nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika. Ni ya kweli, ina ushahidi, haina chumvi, na kanisa lilinyamaza kwa sababu yake. Haikuwa yako.

Sasa fanya hivi. Ule wasifu usiuweke kwenye insha, hata kama alama ya juu inakuita kwa jina. Mwambie Mwalimu Kessler kwamba kazi ile ina mwenyewe. Kama ni mwalimu ninayemdhania, ataweka kalamu chini afikirie kidogo. Halafu andika ulichojifunza, na umejifunza kitu kizito kuliko mabano: kwamba ukishajua nani alisema, bado hujauliza jambo ni la nani. Mfano wako wa kutoa ni huo wa kwako na Ozella, ila usiandike hata herufi kabla hajakuruhusu. Akikataa, rudi kwenye alama za mkato, upate alama yoyote utakayopata, na uipokee.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Insha yako ni Jumatatu. Katikati hapo ipo Jumamosi.

Nenda Jumamosi asubuhi. Usipitie kwenye uzio, umeshautumia vya kutosha. Nenda mlango wa mbele, ugonge kama mgeni. Usibebe keki. Akifungua, mwambie maneno haya bila kuyapamba: nilichungulia, nikaona, nikawaambia watu bila kukuuliza, nisamehe. Koleo lisitajwe. Ukimaliza, nyamaza, hata kama kunyamaza kunakuua.

Beba beseni la maji ya vuguvugu na taulo. Umejifunza maswali mengi mwaka huu, Kalamu, na umeyauliza kwa kila mtu, ila kuna moja ambalo wiki tano nzima halijakupitia kichwani, nawe unakaa nyumba ya pili. Mgongo wake haujapona. Mwenye miwani amezikwa. Zimepita Jumamosi tano. Nani anampaka?

Akikukaribisha ndani, kaa chini. Na rangi usichague wewe. Muulize anataka ipi.

Mama Drusilla